Kwa Nini Gari Inatetemeka Ikienda Mbio?

Tuseme gari ya abiria imetoka mjini Unguja. Inakwenda Makunduchi. Ndani wamo akina mama waliotoka sokoni, wazee na watoto wa skuli. Mjini gari ilikwenda polepole, haikuwa na tabu. Sasa imepita Tunguu. Dereva anaongeza mwendo. Ikifika kilomita 70 kwa saa, usukani unaanza kutetemeka mikononi mwake. Akipunguza mwendo, mtetemeko unaondoka.

Utingo anasema, "Kaka, tairi hizi zimechoka. Tununue mpya."

Dereva anajibu, "Ngoja kwanza, mdogo wangu. Bei ya tairi si ndogo. Tutafute sababu."

Dereva huyu ana akili. Nasi tutafute pamoja naye.

Mtetemeko unatoka wapi?

Chukua jiwe dogo. Lifunge kwa kamba, ulizungushe. Ukizungusha polepole, mkono hauvutwi sana. Ukizungusha kwa kasi, jiwe linauvuta mkono kwa nguvu.

Gurudumu ni hivyo hivyo. Gari ikienda kilomita 80 kwa saa, gurudumu la gari ndogo huzunguka karibu mara 11 kila sekunde. Ikiwa upande mmoja ni mzito kuliko mwingine, upande huo huvuta huku na huku. Hapo gari hutetemeka.

Mwendo ukiongezeka mara 2, mvuto huongezeka mara 4. Tope la gramu 30 tu likiganda kwenye rimu, kwa mwendo wa kilomita 40 huvuta kama robo tatu ya kilo. Kwa kilomita 80 huvuta kama kilo 3. Ndiyo maana mjini hukusikia kitu.

Gari yenyewe inasema

Usukani ukitetemeka, tazama kwanza magurudumu ya mbele.

Kiti na sakafu vikitetemeka, tazama magurudumu ya nyuma. Pengine ni shafti inayopeleka nguvu nyuma.

Mtetemeko ukizidi unapokanyaga breki, tazama breki.

Gari ikitetemeka hata imesimama, tazama injini.

Kagua kwa utaratibu

Simamisha gari mahali tambarare. Vuta breki ya mkono. Weka mawe kwenye magurudumu. Kisha fanya haya:

1. Kaza nati zote za magurudumu. Nati zilizolegea ni hatari kubwa. Gurudumu linaweza kuchomoka njiani na watu wakafa. Usiendelee na safari kabla ya kuzikaza.

2. Tazama tairi pande zote, nje na ndani. Tairi yenye nundu au iliyopasuka ibadilishwe mara moja. Inaweza kupasuka gari ikiwa mbioni.

3. Pima upepo. Tairi za mbele ziwe na upepo sawa.

4. Tazama ndani ya rimu. Pengine limeganda tope.

5. Tazama kama rimu imepinda. Njia za mawe za shamba hupinda rimu.

6. Tazama vile vipande vidogo vya risasi pembeni mwa rimu. Fundi huvipachika ili gurudumu liwe na uzito sawa pande zote. Kipande kikianguka, fundi apime upya. Kazi hii mafundi huiita balansi.

7. Inua gurudumu kwa jeki. Lishike juu na chini, ulitikise. Likicheza, beringi au viungo vinavyolishika gurudumu vimekwisha. Mpelekee fundi. Usiingie chini ya gari iliyoinuliwa kwa jeki peke yake.

Dereva aliona nini?

Katika msitu wa Jozani yapo matuta barabarani. Yamewekwa ili magari yasiwagonge kima punju. Dereva alipofika hapo alikanyaga breki. Usukani haukutetemeka. Akajua kuwa ubaya hauko kwenye breki.

Mbele kidogo akasimama. Nati zilikuwa zimekaza. Tairi zilikuwa nzima, na upepo ulikuwa sawa. Lakini ndani ya rimu ya mbele, upande wa kushoto, lilikuwapo tope kavu. Jana yake mvua ilinyesha, na gari ililala kwenye tope. Utingo akalikwangua kwa kijiti. Gari ikaenda, na usukani ukatulia.

Hawakununua tairi. Abiria walifika salama.

Ndugu msomaji, labda wewe huna gari, lakini hupanda gari. Ukisikia gari inatetemeka, mwambie dereva kwa heshima apunguze mwendo na akague. Usione haya. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Maswali

1. Kwa nini gari haikutetemeka mjini?
2. Kiti kikitetemeka, tutazame wapi?
3. Kwa nini nati zikazwe kwanza?
4. Mvuto ukiwa kilo 1 kwa mwendo wa kilomita 40, utakuwa kilo ngapi kwa mwendo wa kilomita 80?