Anayeongeza nguvu za gari aanzie kwenye breki

Mwezi uliopita alinijia nyumbani kijana niliyemfunza Fizikia katika kidato cha tatu. Siku hizi ana gari dogo la injini ya sentimita za ujazo 1300, alilolinunua kwa jasho lake, nalo ndilo linalowapeleka mama na wadogo zake kanisani kila Jumapili. Alitaka kujua iwapo ni busara kununua turbo kuukuu iliyong'olewa kwenye gari jingine na kuifunga humo. "Mwalimu, nataka tu nguvu arobaini za farasi zaidi," akaniambia.

Nilicheka, kisha nikanyamaza, maana mimi mwenyewe niliwahi kuugua maradhi hayo.

Nguvu za farasi ni kipimo tunachokitaja ovyo. James Watt alikitumia katika karne ya 18 ili wateja wajue mtambo wake wa mvuke ungechukua mahali pa farasi wangapi. Nguvu moja ya farasi ni sawa na wati 746 hivi. Injini huzipata nguvu hizo kwa kuchoma petroli, nayo petroli haichomeki pasipo hewa: kila kilo moja huhitaji takriban kilo 15 za hewa. Kwa hivyo anayetaka nguvu zaidi sharti aipe injini hewa zaidi, ama kwa kupanua nafasi ya silinda, ama kwa kuifanya injini izunguke upesi, ama kwa kuishindilia hewa kwa turbo. Kishindo cha ekzosi, ambacho vijana wetu hukilipia fedha nyingi, hakimo katika hesabu hii.

Mwanafunzi wa Nairobi anaweza kuuthibitisha ukweli huo bila kufungua boneti. Jiji hilo liko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 15. Injini isiyo na turbo itoayo nguvu 100 za farasi kule Likoni hubakia na 85 hivi inapowasili Nairobi, ingawa hakuna aliyeigusa hata kwa spana. Sijapata kuona swali la namna hii katika mtihani, na ningefurahi kuliona.

Nilimpa kijana yule kisa cha Mini. Gari hilo la Uingereza, lililobuniwa na Alec Issigonis, lilitoka mwaka 1959 likiwa na injini ya sentimita za ujazo 848 na nguvu 34 tu za farasi. John Cooper, ambaye magari yake ya mashindano yalikuwa yametwaa ubingwa wa dunia mwaka 1959 na 1960, aliona kwamba kigari hicho kingeweza mengi zaidi. Mini Cooper ya mwaka 1961 ilikuwa na mwendo mrefu zaidi wa pistoni, kabureta mbili mahali pa moja, na injini ya sentimita za ujazo 997. Nguvu zikafika 55. Wanafunzi na wapige hesabu: ujazo uliongezeka kwa chini ya moja ya tano, ilhali nguvu ziliongezeka kwa zaidi ya nusu. Mwaka 1964 Paddy Hopkirk alishinda mbio za Monte Carlo kwa Mini Cooper S, akiwapiku wenye magari makubwa.

Hata hivyo kuna jambo moja ambalo wapenda mbio husahau kulisimulia. Gari lile la mwaka 1961 halikuongezewa nguvu peke yake. Magurudumu ya mbele yalitiwa breki za diski, kitu ambacho Mini ya kawaida haikuwa nacho. Sababu yake imo katika kitabu cha Fizikia: kasi ikiongezeka maradufu, nishati ya mwendo huwa mara nne, na nishati hiyo yote breki hazina budi kuigeuza joto.

Maradhi yangu nayo yalikuwa hivi. Nikiwa mwalimu kijana, makanika mmoja alinishauri kichwa cha silinda cha gari langu kichongwe ili mchanganyiko wa hewa na petroli ugandamizwe zaidi. Alisema kweli, kwani mgandamizo ukizidi, petroli ile ile hufanya kazi zaidi. Asilolisema, nami kwa aibu yangu nisiloliuliza, ni kwamba mchanganyiko uliogandamizwa kupita kiasi hulipuka wenyewe pasipo kungoja kufikiwa na moto wa plagi. Injini ikaanza kugonga kama misumari ikitikiswa ndani ya kopo. Nikipanda kutoka Naivasha kuelekea Limuru, pistoni moja ilitoboka. Nilifika nyumbani usiku, nimeketi juu ya magunia ya kabichi.

Turbo huleta hatari iyo hiyo. Ndiyo maana watengenezaji, wanapoifunga kwenye injini iliyokuwa haina, aghalabu hupunguza uwiano wa mgandamizo, huimarisha pistoni na kuongeza njia za kupoza mafuta. Kijana wangu hakuwa amepanga lolote kati ya hayo. Nilitoka naye nje nikayatazama magurudumu ya mbele. Yalikuwa yamelika hadi nyuzi zinaonekana.

Alirudi Jumamosi iliyopita. Amenunua magurudumu mawili mapya na pedi za breki. Ile turbo bado ameiwekea amana gereji, naye ameniomba kitabu changu cha kidato cha tatu.