Wafumaji wa Visiwa vya Shetland

Ukitazama ramani ya Ulaya, tafuta kwanza nchi ya Uingereza, kisha panda kwa kidole chako kwenda kaskazini mpaka mwisho wa Uskoti. Usiishie hapo. Vuka bahari, pita visiwa vya Orkney, nawe utaona nukta nyingi katikati ya maji. Hivyo ndivyo visiwa vya Shetland. Hesabu yake yapata 100, lakini vinavyokaliwa na watu ni 16 hivi tu, na mji wake mkubwa ni Lerwick. Miti ni haba. Katika siku za baridi kali jua huonekana kwa muda usiotimia saa 6. Bali katika mwezi wa Juni mchana huwa wa saa 19 karibu, na hata usiku wa manane giza haliingii sawasawa.

Nchi ya namna hiyo yataka nguo za joto, na Mungu amewapa wenyeji kondoo wa kuwafaa. Kondoo wa Shetland ni mdogo wa mwili, naye hustahimili njaa na upepo, lakini sufu yake ni laini sana. Wengine ni weupe, wengine weusi, wengine wa rangi ya kijivu, na wengine hudhurungi kama udongo mwekundu. Kwa hiyo mwanamke aliweza kufuma soksi yenye mistari ya rangi nne bila kuutia uzi wake rangi yo yote. Zamani kondoo hao hawakukatwa kwa mkasi. Mwanzo wa kiangazi sufu ya mwaka uliopita huanza kuachana na ngozi yenyewe, na watu waliing'oa kwa mkono taratibu, wala mnyama hakuumia. Kisha sufu ilichambuliwa, ikachanuliwa, ikasokotwa kuwa uzi kwa gurudumu lililozungushwa kwa mguu.

Theluji inapoyeyuka na majani mapya kuanza kutokeza, hayo ndiyo majira ya kuchipua. Katika karne ya 19 yalikuwa majira ya taabu huko, maana unga wa mavuno yaliyopita ulikuwa umekaribia kwisha, na kazi zilikuwa nyingi. Wanaume walishika makasia wakaenda kuvua samaki mbali baharini, tangu Mei mpaka Agosti. Shamba likabaki mikononi mwa wanawake. Walisimama watatu watatu katika mstari mmoja, wakakanyaga sepeto zao kwa pamoja, wakageuza donge moja kubwa la udongo. Walichukua samadi na mwani wa pwani kwa migongo yao ili kurutubisha shamba. Waliwaangalia kondoo waliokuwa wakizaa. Tena walikwenda vilimani kutafuta kitu cha kuwashia moto.

Ni kitu gani hicho, ikiwa miti haipo? Huko watu huwasha udongo! Mahali penye maji mengi na baridi, mimea iliyokufa haiozi yote. Hulundikana kwa maelfu ya miaka mpaka ikawa udongo mweusi ulioshikamana, mlaini kama ugali uliopoa. Katika mwezi wa Mei hukatwa vipande vipande mfano wa matofali, navyo huanikwa katika upepo. Vikikauka huwaka vizuri kama kuni. Mwanamke alijaza vipande hivyo katika tenga lililosukwa kwa mabua makavu, akalichukua mgongoni kwa kamba iliyopita kifuani, akashika njia ya kurudi nyumbani. Mgongo ulikuwa na kazi yake, na miguu ilikuwa na kazi yake, lakini mikono ilikuwa mitupu. Basi aliitoa soksi yake akafuma. Alipokwenda na tenga tupu alifuma, na aliporudi na tenga lililojaa alifuma vile vile. Zipo picha nyingi za zamani zinazowaonyesha wanawake hao njiani, wameinama chini ya mizigo, na sindano zi mikononi. Atakayeona jambo hili kuwa geni na awakumbuke wanawake wa pwani yetu wasukao ukili huku wakitembea na kuzungumza.

Mtu aweza kuuliza, ‘Waliwezaje kufuma wakienda, na soksi isianguke?’ Walikuwa na mshipi wa ngozi, na mbele yake kifuko kilichojazwa nywele za farasi na kutobolewa matundu mengi. Mwanamke alichomeka mwisho wa sindano moja katika tundu, na mshipi ukaishika imara. Mkono wa kuume haukuwa na haja ya kubeba sindano, ila kupitisha uzi tu. Hivyo vidole vilikwenda mbio, na macho yakaangalia njia.

Sasa yafaa kueleza kazi yenyewe, maana neno kufuma hutumika kwa kazi mbili zilizo mbali. Mfumaji wa vitambaa hutumia nyuzi za namna mbili: mtande, uliotandazwa kwa urefu, na mshindio, unaopita kati yake kwenda na kurudi. Lakini mfumaji wa soksi hutumia uzi mmoja tu. Huufanya vitanzi juu ya sindano, kisha kwa sindano ya pili huvuta kitanzi kipya kupitia katika kila kitanzi cha kwanza. Safu mpya hukaa juu ya safu ya zamani, na kila kitanzi humshika mwenzake aliye chini. Ukitaka kuona, chukua fulana yako uitazame karibu sana. Utaona alama ndogo ndogo kama herufi V, zimepangwa moja juu ya moja. Hiyo nayo imefumwa kwa vitanzi, ila imefumwa kwa mashine na kwa uzi mwembamba wa pamba.

Kwa sababu ya vitanzi hivyo nguo hunyumbuka. Ukiivuta, kila kitanzi hubadili umbo lake kidogo, ukiiacha, hurudi. Soksi ya kitambaa cha mtande na mshindio isingeweza kupita kisigino kisha ikabana kifundo cha mguu. Lakini faida hiyo ina hatari yake. Kitanzi kimoja kikiponyoka katika sindano, vilivyo chini yake hufumuka kimoja baada ya kingine, na nguo hupata ufa mrefu kama ngazi.

Soksi ni mfuko usio na mshono. Vitanzi hugawanywa juu ya sindano mbili au tatu zenye ncha pande zote mbili, na sindano moja tupu ndiyo ifanyayo kazi, ikizunguka daima upande mmoja. Kuzunguka huko si kugumu; hata mtoto hujifunza kwa siku chache. Ugumu umo katika kisigino, kwa kuwa mguu wa mtu umepinda kama herufi L, na bomba lililonyoka haliwezi kuufuata. Hapo mfumaji huviacha nusu ya vitanzi vikae vikingoja. Nusu nyingine huifuma peke yake, akienda na kurudi, mpaka apate kipande cha mraba kinachoning'inia nyuma. Kisha hukipinda kwa kuunganisha vitanzi viwili viwili, kidogo kidogo, kikawa mfano wa kikombe. Ndipo huokota vitanzi vipya kandokando ya kile kipande, akaviunga na vile vilivyongoja, akaanza tena kuzunguka. Kwenye vidole hupunguza vitanzi mpaka vibaki vichache, akavifunga. Akikosa hesabu katika kisigino, hana budi kufumua na kurudia, hata ikiwa taa inakaribia kuzima.

Sweta hufumwa kwa njia hiyo hiyo, ila bomba lake ni kubwa. Wenyeji wa Shetland wana mbinu moja ya kutisha kwa asiyeizoea. Hulifuma bomba lote mpaka mabegani pasipo kuacha nafasi ya mikono, ila mahali pa mikono huongeza vitanzi vichache vya ziada. Nguo ikiisha, huchukua mkasi wakakata katikati ya vitanzi hivyo! Mgeni hufikiri kwamba kazi yote itafumuka. Lakini nyuzi za sufu zina manyoya yashikanayo, nazo hukaa mahali pake. Sweta za kisiwa kidogo cha Fair Isle zina mapambo ya rangi nyingi, na pengine mtu hudhani kwamba nyuzi kumi zimevutwa pamoja. Sivyo. Katika kila safu mna rangi mbili tu. Uzi usiotumiwa hupita nyuma ya nguo, na kwa hiyo nguo huwa nene na yenye joto zaidi.

Je, watu wa Shetland wamefanya kazi hii tangu zamani gani? Jibu moja lilitoka ardhini. Tarehe 12 Mei 1951, watu wawili waliokuwa wakikata udongo wa kuwasha karibu na mahali paitwapo Gunnister walikuta maiti ya mtu aliyezikwa humo. Mwili ulikuwa umekwisha kuoza, hata mifupa karibu yote, lakini nguo zake za sufu zilikuwapo, kwa maana udongo ule huihifadhi sufu. Alikuwa na kofia, glavu na soksi ndefu zilizofumwa kwa sindano. Soksi zilikuwa zimechakaa na kutiwa viraka. Alikuwa pia na kifuko kilichofumwa kwa mapambo ya rangi, na ndani yake sarafu tatu, mbili za Uholanzi na moja ya Uswidi, zote za miaka ya mwisho ya karne ya 17. Jina lake halikujulikana.

Sarafu za Uholanzi hazikufika huko kwa ajabu. Kila mwaka, mwezi wa Juni, merikebu za Waholanzi zilizovua samaki aina ya heringi zilitia nanga mbele ya Lerwick, nao wenyeji waliwauzia mabaharia soksi, glavu na kofia. Mwanamke aliyefuma wakati wa majira ya kuchipua alijua kwamba wanunuzi wako njiani.

Lakini katika karne ya 19 biashara ilikuwa imekwisha kushikwa na wenye maduka, na hapo likaja jambo lililowaumiza wafumaji. Mwanamke alipoleta soksi au shali dukani, thamani yake iliandikwa, lakini fedha hakupewa. Alipewa chai, sukari au kitambaa kutoka katika duka lile lile, kwa bei aliyoipanga mwenye duka. Au alipewa kikaratasi cha kuonyesha kiasi anachodai. Kodi ya shamba hailipwi kwa chai, wala chai haifai kupikia watoto uji. Wanawake wengine walilazimika kuzunguka kwa majirani wakibadili chai kwa unga, na wengine waliuza vikaratasi vyao kwa bei ya chini ili wapate peni chache mkononi.

Mwezi wa Januari 1872 Serikali ilimtuma mwanasheria, William Guthrie, kwenda Lerwick kuuliza habari hizo. Wafumaji wengi waliitwa, wakasimama mbele yake wakaeleza, na maneno yao yakaandikwa na kupigwa chapa. Si neno dogo kwa mwanamke maskini kusema waziwazi habari za mtu ambaye kesho atakwenda kumwuzia soksi. Wenye maduka nao walisikilizwa. Walisema kwamba katika soksi zenyewe hawakupata faida, na kwamba faida yao ilikuwa katika chai na vitambaa tu. Huenda wengine walisema kweli. Lakini neno hilo lenyewe laonyesha kwa nini hawakupenda kutoa fedha.

Katika mwaka 1887 Bunge lilitunga sheria iliyowataja hata watu wafumao nyumbani kwao, kwamba walipwe kwa fedha. Desturi ya zamani haikukoma mara moja, maana sheria iliyotungwa London haisimami kila siku katika duka la kisiwani. Mwaka 1922 mwana mkubwa wa mfalme, aliyekuja kuwa Mfalme Edward wa Nane, alionekana mbele ya watu katika mchezo wa gofu huko St Andrews, amevaa sweta ya Fair Isle. Mara watu wa mijini wakazitaka sweta hizo, na wafumaji wakapata kazi nyingi. Baadaye zilikuja mashine, na tangu miaka ya 1970 ikaja kazi ya mafuta ya petroli, yenye mshahara mkubwa kuliko soksi.

Kwa muda mrefu watoto wa Shetland walifundishwa kufuma katika shule za msingi. Mwaka 2010 mafundisho hayo yaliachwa ili kupunguza gharama. Miaka michache baadaye wafumaji wa kujitolea walianza kuwakusanya watoto katika vikundi vidogo, bila malipo. Mtoto huvaa mshipi wa ngozi wenye matundu, kama ule wa bibi yake, akachomeka sindano, na mwalimu huketi kando yake kumwonyesha jinsi ya kuvuta kitanzi cha kwanza.