Mbingu Aliyoiona Mfungwa wa Kisiwani

Wako watu wanaodhani kwamba habari za mbinguni ni maliwazo matupu, waliyotungiwa wanyonge ili wasahau njaa na viboko vya hapa duniani. Wako pia wanaodhani kwamba habari za mbinguni zilizomo katika vitabu vya jirani zinamhusu jirani peke yake. Dhana zote mbili hazikupimwa sawasawa. Leo tunapenda kuzipima kwa kukitazama kitabu cha mwisho cha Biblia ya Wakristo, kiitwacho Ufunuo wa Yohana. Tumekichagua kwa sababu maono yaliyomo yalimfikia mtu akiwa kisiwani, ijapokuwa yeye hakukaa kisiwani kwa hiari yake.

Kisiwa chenyewe ni Patmo, katika nchi ya Ugiriki. Ni kisiwa kidogo chenye mawe mengi, eneo lake kiasi cha kilomita za mraba 34 tu. Yohana anaeleza kwamba alikuwa huko kwa ajili ya imani yake, na mapokeo ya Kanisa yanasema kwamba alipelekwa uhamishoni na dola ya Kirumi. Wataalamu wengi wanakisia kuwa kitabu kiliandikwa karibu na mwaka 95, zama za Kaisari Domitian, aliyetawala tangu mwaka 81 hadi mwaka 96. Mwandishi wa Kirumi, Suetonius, ameeleza kwamba Kaisari huyo alipenda kuitwa bwana na mungu. Jambo hilo tulishike, maana bila ya hilo kitabu hakifahamiki.

Yohana anaona mlango uliofunguka mbinguni, na kiti cha enzi kilichozungukwa na upinde wa mvua mithili ya zumaridi. Umeme na ngurumo vinatoka katika kiti hicho, na mbele yake imetanda bahari ya kioo. Karibu yake wako viumbe wanne wenye uhai: mmoja kama simba, wa pili kama ndama, wa tatu ana uso kama wa mwanadamu, na wa nne ni kama tai arukaye. Kila mmoja ana mabawa sita, na usiku na mchana hawapumziki katika kuutaja utakatifu wa Mungu. Pembeni wameketi wazee 24 katika viti vyao, wamevaa nguo nyeupe na taji za dhahabu.

Picha hizi hazikuanza na Yohana. Nabii Isaya aliona kiti cha enzi kilichoinuliwa juu sana, na maserafi wenye mabawa sita, katika mwaka aliokufa mfalme Uzia. Ezekieli aliona maono yake kando ya mto Kebari, akiwa miongoni mwa mateka waliochukuliwa Babeli. Nao waliosoma chuoni wakafahamu habari za Arshi na malaika wanaoibeba hawataziona habari hizi kuwa ngeni kabisa. Lakini tuangalie nyakati zenyewe: mmoja aliona mfalme alipokufa, wa pili alipokuwa mateka, wa tatu alipokuwa mfungwa. Kwa hiyo maono haya hayakutoka katika majumba ya raha. Yalikuja pale ambapo enzi ya dunia ilikuwa imewaangusha watu au imewaonea, na kila mara swali lilikuwa lile lile: ni nani hasa anayestahili kusujudiwa?

Jibu la Yohana ni zito kwa kila mwenye madaraka. Wale wazee 24 wanaanguka kifudifudi, wanazivua taji zao na kuzitupa mbele ya kiti cha enzi. Hakuna hata mmoja anayeing'ang'ania ya kwake, wala anayesubiri kwanza mwenzake aivue. Basi ikiwa wakubwa wa mbinguni wanavua taji, Kaisari wa Roma anayetaka kuabudiwa ni nani? Na karani, sheha au mkurugenzi anayemweka mwananchi barazani tangu asubuhi mpaka adhuhuri, kwa sababu tu kiti ni chake, ni nani? Wazee wetu walisema cheo ni dhamana. Yohana alisema jambo lililo karibu na hilo, naye alilisema akiwa mfungwa.

Kitabu hiki hakiishii katika ibada. Katika sura ya 18 inaelezwa kuanguka kwa mji wa kitajiri uitwao Babeli, ambao wafafanuzi wengi wanasema ni Roma yenyewe. Wafanyabiashara wanaulilia kwa kuwa hapana tena wa kununua shehena zao. Shehena hizo zinatajwa moja moja: dhahabu, fedha, lulu, hariri, pembe za ndovu, mdalasini, ubani, mvinyo, unga, ng'ombe, kondoo na farasi. Mwisho wa orodha, baada ya wanyama, wanatajwa wanadamu.

Mtu wa Unguja hahitaji kufasiriwa orodha hiyo. Pembe na watumwa vilipita katika bandari yetu. Mwaka 1873 Sultani Barghash bin Said, kwa kushurutishwa na Waingereza, alitia saini mkataba uliofunga soko la watumwa, na mwaka huo huo ulianza ujenzi wa kanisa pale Mkunazini, katika uwanja wa soko lenyewe. Aliyeusimamia ujenzi ni Edward Steere, ambaye pia alifanya kazi kubwa ya kulitia Agano Jipya katika Kiswahili cha Unguja. Tusisahau, hata hivyo, kwamba utumwa wenyewe haukufutwa kwa sheria mpaka mwaka 1897, miaka saba baada ya Waingereza kuvitia visiwa hivi chini ya himaya yao. Kufunga soko kulikuwa jambo moja. Kumfungua mtu lilikuwa jingine.

Tafsiri za namna hiyo zilisema na watu kwa maneno waliyokwisha kuyazoea: nabii, malaika, kusujudu, peponi. Maneno hayo yana asili yake humu humu pwani na katika Kiarabu. Hivyo Mkristo na Mwislamu wa visiwa hivi, wanapozungumza juu ya kumwabudu Mungu, wanachota kisima kimoja cha lugha. Tofauti za itikadi zipo, na si kazi ya gazeti kuzifuta. Lakini asiyetaka kuzungumza na jirani yake hawezi kusingizia kuwa lugha imemshinda.

Mwishoni Yohana anauona mji mpya, Yerusalemu, wenye milango 12 isiyofungwa. Hamna hekalu ndani yake, kwa kuwa Mungu mwenyewe yumo. Majani ya mti wa uzima ni ya kuwaponya mataifa, na umati usiohesabika wa kila kabila na kila lugha umekwisha kuonekana mbele ya kiti cha enzi, mikononi wana matawi ya mitende. Na tena, bahari haipo. Kwetu sisi, tunaokula kwa bahari na kusafiri kwa bahari, neno hilo linatisha. Lakini kwa mfungwa wa Patmo bahari ilikuwa ukuta wa gereza lake, na ndiyo iliyozichukua shehena za Babeli. Twaona kuwa alichokitaka kitoweke ni kile kilichomtenga na wenzake.

Basi mbingu hii si usingizi wa wanyonge. Ni mizani. Humo utawala unapimwa kwa taji inayovuliwa, biashara inapimwa kwa thamani inayompa mwanadamu, na mji unapimwa kwa milango yake. Mwananchi anayo haki ya kuamini au kutoamini maono ya Yohana. Lakini kila aliyepewa ofisi na wananchi, awe wa dini yoyote, anaweza kesho asubuhi kuanza na lililo jepesi: aufungue mlango wake kwa wakati, na amsikilize wa mwisho katika foleni kama alivyomsikiliza wa kwanza.