Neno Dogo Linalogeuza Maana

Wiki hii tuvuke daraja la Kasumulu. Ng'ambo ya mto Songwe ni Malawi, na huko Kiingereza ni lugha rasmi. Mfanyabiashara wa mchele kutoka Kyela anaweza kukuta tangazo kwa lugha hiyo mara tu afikapo Karonga.

Tuseme basi lake haliondoki, na ubaoni pameandikwa kwamba safari ni "put off". Kamusi ya mfukoni inamwambia "put" ni weka. Lakini maneno hayo mawili yakikaa pamoja ni kuahirisha: basi litaondoka siku nyingine, atunze tiketi. Pangeandikwa "called off", safari ingekuwa imefutwa, na hapo ni kudai nauli. Hakuna aliyeitwa na yeyote.

Akilalamika, ofisa akamjibu "we will look into it", asiharakishe kufungua mzigo. Anaambiwa kwamba suala lake litachunguzwa. "Look for" ni kutafuta, "look after" ni kutunza, na "look down on" ni kudharau. Kitenzi ni kile kile. Mzigo wa maana umebebwa na neno dogo linalokifuata.

Jambo hilo si geni kwetu. Anayehama anatoka, anayehamia anaingia. Mtu humkimbia chui, akakimbilia nyumbani. Kinyakyusa nacho kina mtindo huo huo. Sisi tunageuza mkia wa kitenzi, Mwingereza anakiwekea mwenzake pembeni. Ndiyo maana nasema ni kumwonea mtoto wa kidato cha kwanza, aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kumkaririsha orodha ya vitenzi vitupu. Apewe "give up" kama neno moja, kukata tamaa. Na asiulize kilichotolewa kiko wapi, kwani sisi wenyewe twakata tamaa, twakata shauri na twakata rufaa bila kisu.

Misemo nayo ni hivyo hivyo. Mvuvi wa Matema akisikia mtu yuko "under the weather" atatazama mawingu juu ya milima ya Livingstone, kumbe mwenzake hajisikii vizuri tu. "In the same boat" atauelewa haraka: wote wamo katika shida moja.

Hayo ni ya kuchekesha. Yasiyochekesha yako kwenye chupa za dawa za kunyunyizia mashambani, ambazo baadhi huja na maandishi ya Kiingereza. Pameandikwa "Keep out of reach of children". Mwenye kamusi atafuata neno kwa neno: weka, nje, kufikia, watoto. Atapata dawa iliyowekwa nje, watoto waifikie. Chupa yenyewe inasema: weka mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki.