Marumaru na joto la nyumbani: wapi ulipie zaidi, wapi ubane

Ukimuuliza muuza vifaa vya ujenzi kama marumaru zinaungua, atacheka. Marumaru za kawaida za udongo huchomwa kiwandani kwenye tanuri la zaidi ya nyuzi 1,000 za Selsiasi, na za poslini kwenye nyuzi 1,200 hivi. Sufuria yako haitafika huko. Hata hivyo, majiko mengi yana marumaru zenye ufa, na baraza nyingi zina marumaru zilizobanduka. Mara nyingi sababu ni mojawapo ya hizi mbili: joto limepanda au kushuka ghafla, au fundi ameacha uwazi chini. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha bei, jiulize kwanza marumaru inakwenda kukaa wapi.

Ukuta wa nyuma ya jiko la gesi: bana

Hapa marumaru za ukutani za bei nafuu zinatosha kabisa. Ukitaka kuzitambua dukani, geuza moja na udondoshe tone la maji mgongoni. Ya ukutani hulinywa papo hapo. Kwenye poslini tone hubaki limekaa juu. Kwa viwango vya kimataifa, poslini hainywi maji zaidi ya asilimia 0.5 ya uzito wake, ilhali marumaru za ukutani huvuka asilimia 10. Wepesi huo wa kunywa maji huendana na udhaifu wa kubeba uzito, lakini ukutani hakuna anayekanyaga.

Washindani wake ni rangi ya mafuta na mbao za plastiki za PVC. Rangi ni rahisi kwa leo, ila hushika mafuta na masizi, na karibu na moto huanza kuvimba na kubanduka. Plastiki ya PVC hulainika kwenye nyuzi 80 hivi, yaani kabla hata maji hayajachemka. Usiibandike nyuma ya jiko, hata ukiuziwa kwa bei ya kutupa.

Sakafu penye jiko la mkaa: usitegemee marumaru peke yake

Kipimo cha kimataifa cha mshtuko wa joto huipitisha marumaru mara 10 kati ya nyuzi 15 na nyuzi 145. Mafuta ya kukaangia maandazi hufika nyuzi 180, na kaa jekundu huvuka 600. Kaa likidondoka, au jiko likikaa saa tatu mahali pamoja kisha mtu akamwaga maji kuzima, sehemu moja ya marumaru hutanuka au kusinyaa huku iliyo jirani ikiwa haijatikisika. Hapo ndipo rangi ya juu hupata nyufa nyembamba kama nywele, au kigae kizima hupasuka.

Kulipia poslini ya bei kubwa kwa ajili ya kona hiyo si lazima. Iache kona yenyewe kwa sakafu ya niru au terazo, ambayo ikichubuka inazibika. Kama marumaru zimeshawekwa, panga matofali machache chini ya jiko. Na jiko la mkaa likae penye hewa, kwa sababu moshi wake una sumu isiyoonekana.

Kaunta: hapa bei inapishana sana

Ubao wenye fomaika ndio rahisi kuliko yote, lakini kikaango kilichotoka motoni huuachia alama, na maji yakiingia pembeni ubao huvimba. Graniti halisi huvumilia sufuria ya moto, ila ni ghali na inahitaji fundi wa kuikata. Jiwe la kutengenezwa kiwandani linavutia sana, lakini chembe zake zimeshikwa na gundi ya plastiki, na kikaango cha chapati kinaweza kuliharibu.

Poslini iko katikati: inavumilia joto vizuri na gharama yake ni ndogo kuliko graniti. Kasoro yake ni mistari ya grauti, inayoshika unga na mafuta. Chagua vipande vikubwa, vya sentimita 60 kwa 60, ili mistari iwe michache. Chochote utakachochagua, kibao cha kuwekea sufuria ya moto kitakuokolea fedha nyingi.

Baraza linalopigwa na jua: lipia

Marumaru hutanuka kidogo sana, takriban sehemu 7 kwa milioni kwa kila nyuzi moja. Lakini baraza la mita 6 likipanda nyuzi 30 kutoka alfajiri hadi adhuhuri, hutanuka zaidi kidogo ya milimita 1. Kama zimepangwa bila nafasi na kubanwa na ukuta pande zote, husukumana hadi zikainuka katikati kama hema. Tumia poslini ya rangi nyepesi isiyoteleza, kwa kuwa nyeusi huchoma nyayo. Mwambie fundi aache mwanya kila baada ya mita 3 hivi, na kandokando ya ukuta, kisha aujaze silikoni badala ya grauti.

Gundi na fundi

Fundi mwenye haraka huweka madonge matano ya saruji, manne pembeni na moja katikati, kisha anagonga marumaru ikae. Kati ya madonge hubaki hewa, na juu ya hewa hiyo ndipo marumaru hupasuka joto au uzito ukiizidi. Dai gundi ipakwe kwa mwiko wa meno hadi ijae mgongo mzima. Poslini hunywa maji kidogo mno, hivyo saruji tupu haiishiki vizuri. Inunulie gundi yake, na kwa baraza chukua inayovumilia kutanuka na kusinyaa. Kazi ikikauka, gonga kila kipande kwa sarafu. Kinacholia utupu kirudiwe kabla hujamlipa fundi malipo ya mwisho.

Piga hesabu kwa mita ya mraba

Boksi la vipande 4 vya 60 kwa 60 lina mita za mraba 1.44, sawa na vipande 9 vya 40 kwa 40. Mengine yana pungufu, kwa hiyo soma ubavuni. Kwa mfano wa hesabu tu, boksi la shilingi 30,000 lenye mita 1.44 ni kama 20,800 kwa mita, na la 28,000 lenye mita 1.2 ni kama 23,300. Lililoonekana rahisi ndilo ghali.

Ongeza asilimia 10 ya vipande vya kukata na kuvunjika. Ukuta wa nyuma ya jiko, mita 1.2 kwa 0.6, ni kama nusu boksi tu, kwa hiyo tofauti ya bei haitakuumiza. Baraza la mita 4 kwa 3 linataka maboksi 10, na hapo tofauti ya shilingi 8,000 kwa boksi ni 80,000. Bajeti ikibana, punguza mapambo ya marumaru kabla ya kupunguza gundi, na hakikisha maboksi yote yana namba moja ya toleo. Weka vipande vichache akiba, maana ukirudi dukani mwakani rangi ile ile huenda usiikute.