Kigeuzi si King'amuzi

Tangu mitambo ya televisheni ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba, 2012, neno king'amuzi limeenea mno, hata karibu kila kisanduku chenye waya na taa ndogo huitwa hivyo. Hapana budi kulizuia lisikimeze kifaa kinachogeuza muziki wa dijitali kuwa mkondo wa umeme. King'amuzi limetokana na kung'amua, yaani kutambua lililofichika: hupokea mawimbi, huyafumbua na kutoa idhaa iliyochaguliwa. Kifaa tunachokizungumzia hakifumbui wala hakichagui, bali hugeuza. Kwa hiyo tunapendekeza kigeuzi cha dijitali-analojia, au kigeuzi tu pale maana inapokuwa wazi.

Mwalimu wa umeme katika skuli ya ufundi ya Kengeja, kisiwani Pemba, ana mfano karibu naye. Maji ya bahari hujaa na kupwa bila ngazi. Hiyo ni analojia. Mtu akichomeka mti wenye alama na kuandika kina cha maji kila baada ya muda maalumu, atabaki na orodha ya tarakimu. Hiyo ni dijitali. Kigeuzi huichukua orodha hiyo na kuurudisha mwendo wa maji. Katika diski ya CD, iliyoanza kuuzwa mwaka 1982, kipimo huchukuliwa mara 44,100 kwa sekunde, na ngazi za kupimia ni 65,536. Mafaili mapya hufikia mara 96,000 au 192,000, na ngazi 16,777,216.

Mafaili hayo baadhi ya wafasiri huyaita ya “ubora wa juu”. Istilahi hiyo inaahidi kisichokuwamo. Taarabu iliyonaswa vibaya kwenye kaseti, hata ikipimwa mara 96,000, itabaki na mkwaruzo wake; tena sikio la binadamu halipiti mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde, ambayo CD huimudu. Kinachoongezeka ni udogo wa tofauti zinazopimika. Neno linalofaa ni upambanuzi. Basi tuseme mafaili ya upambanuzi mkubwa, na suala la ubora tuwaachie wasikilizaji.

Simu na kompyuta zina kigeuzi ndani yake. Kile kinachouzwa peke yake, ili kiwe mbali na vurugu za umeme wa kompyuta, tukiite kigeuzi kinachojitegemea. “Cha nje” hudhaniwa kuwa kimetoka ng'ambo.

Limebaki tatizo la zamani. Kipaza sauti hutumika kwa chombo kinachopokea sauti ya msemaji na pia kwa kile kinachoitoa. Mwanafunzi akiambiwa aunganishe waya “kutoka kwenye kigeuzi hadi kwenye kikuza sauti, kisha kipaza sauti”, ashike kipi? Katika vitabu vya maelekezo afadhali maikrofoni na spika, ingawa ni ya kukopa.