Si kila jicho jeupe ni mtoto wa jicho

Katika mitaa ya Likasi, mzee akianza kupapasa ukuta na kumimina chai nje ya kikombe, jirani zake hawakawii kuutaja ugonjwa wake. "Ni mtoto wa jicho," husema, "tungoje kwanza akomae, ndipo tumpeleke baba hospitali." Kitoto kikipona surua na kubaki na doa jeupe jichoni, husema neno lilo hilo. Na mama ambaye macho yake yang'aa kama ya kijana, ila hawaoni tena watu wapitao ubavuni mwake, naye huambiwa kuwa ni mtoto wa jicho anayeanza. Hayo ni magonjwa matatu yaliyovikwa jina moja. Wa kwanza akipasuliwa huona tena. Wa pili angaliweza kukingwa kwa chanjo na chakula. Wa tatu, kila mwezi anaongoja, apoteza kitu ambacho hakuna mganga duniani awezaye kumrudishia. (Twasema mganga kama watu wa Katanga wasemavyo, yaani daktari, mwenye mizizi na hirizi ana jina lake.)

Basi yafaa, wasomaji wapenzi, tuyachungulie majina hayo. Mganga huandika karatasi kwa Kifaransa, na Kifaransa hicho nacho kimekopa kwa Wagiriki na Walatini, hata mgonjwa hurudi nyumbani na karatasi ambayo asingeielewa hata kama angekuwa na macho mazima.

Katarakti ndiyo mtoto wa jicho wa kweli. Ndani ya jicho, nyuma ya mboni, mna lenzi ndogo iliyo safi kama maji ya chemchemi. Kwa uzee, au kwa kuumia, au kwa ugonjwa wa sukari, lenzi hiyo huingiwa na ukungu. Watu wa kale hawakujua hivyo. Waarabu waliuita ugonjwa huo kushuka kwa maji, kwa maana walidhani maji machafu yateremka kutoka kichwani na kuganda mbele ya lenzi. Katika karne ya 11 mmonaki wa Monte Cassino, Konstantino Mwafrika, mtu wa pwani ya kaskazini ya bara letu, alivitafsiri vitabu vya Waarabu kwa Kilatini, na husemwa kuwa ndiye aliyeleta neno cataracta, yaani maporomoko ya maji. Ilikuwa mwaka 1705 tu Mfaransa mmoja, Brisseau, alipolipasua jicho la maiti akaona kwamba hakuna maji yoyote yaliyoganda, bali lenzi yenyewe imechafuka. Jina la maporomoko likabaki vivyo hivyo.

Tarehe 29 Novemba 1949, huko London, mganga Harold Ridley alimwekea mgonjwa lenzi ya bandia kwa mara ya kwanza. Alikuwa ameona wakati wa vita kwamba vipande vya plastiki ya vioo vya ndege, vilivyoingia machoni mwa marubani, havikuleta madhara kama vya kioo cha kawaida. Tangu hapo elimu hiyo imekwenda mbele sana, na lile neno la kungoja akomae limepitwa na wakati. Lenzi hutolewa mara ukungu unapomzuia mtu kazi yake; ikiachwa mpaka ikawa ngumu kama jiwe, kazi ya kuitoa huzidi ugumu.

Doa jeupe la mtoto aliyeugua surua ni jambo jingine kabisa. Hilo halimo ndani; ni kovu la kioo cha mbele ya jicho. Waganga huliita leukoma, kwa Kigiriki cheupe. Wakristu wenzetu wamekwisha kukutana na neno hilo bila kujua: katika Kitabu cha Tobiti, kwa Kigiriki, yale magamba meupe yaliyomfunga macho yule mzee baada ya kinyesi cha ndege kumwangukia yaitwa kwa jina hilo. Na yasimuliwa humo kwamba kadiri waganga walivyozidi kumpaka dawa, ndivyo alivyozidi kupofuka. Kiswahili chetu nacho kina neno lake, chamba cha jicho. Ni neno zuri, na ni hasara kwamba wengi wameliacha wakaling'ang'ania lile la mtoto.

Chanzo chake mara nyingi ni upungufu wa vitamini A. Surua humkuta mtoto mwenye akiba ndogo, humaliza hata hiyo kidogo, na kioo cha jicho hukauka na kuoza kwa siku chache tu. Jina la ukavu huo ni kseroftalmia; kseros kwa Kigiriki ni kavu. Lakini mama mwenye uangalifu huonywa mapema na mtoto mwenyewe: jioni hujikwaa kwenye viti, hukataa kutoka nje, hukaa mahali pamoja wakati wenzake wachezapo. Hapo bado kuna nafasi. Mtoto apelekwe kwenye dispensari apewe vitamini hiyo, na nyumbani apewe mafuta mekundu ya mawese, sombe, matembele, papai na maembe. Kumtia jichoni maji ya majani, au mkojo, au unga wa dawa usiojulikana, ni kulichoma jicho lililokwisha kukauka.

Sasa yule mama mwenye macho yang'aayo. Jina lake ni glokoma, nasi twakiri kwamba hatulioni jina la Kiswahili lililokubaliwa na wote. Wengine husema presha ya macho. Jicho lina maji yake ya ndani, yanayotoka na kuingia kwa kipimo. Njia ya kutokea ikiziba, mara nyingi maji hulisukuma jicho kwa ndani, na neva yake, yenye nyuzi zipatazo milioni moja, hufa uzi baada ya uzi. Hakuna maumivu. Kuona kwa pembeni ndiko kunakokwenda kwanza, na jicho moja hulifichia jingine aibu yake, hata mtu akastuka wakati amebakiwa na tundu dogo la kuchungulia. Dawa ya matone, au kupasuliwa, huyalinda yaliyosalia, hairudishi yaliyokwisha. Ugonjwa huu huandama ukoo, na watu weusi huupata mara nyingi kuliko Wazungu. Kwa hiyo mtu aliyepita miaka 40, ambaye baba au dada yake alipofuka "kwa uzee", aende kupimwa presha ya jicho angali anaona vizuri.

Kongo ina sehemu yake katika elimu hii. Kando ya mto Sankuru, katika Kasai, mganga Mbelgiji Jean Hissette alionyesha katika miaka ya 1930 kwamba upofu wa vijiji vizima ulitoka kwa vijidudu viletwavyo na inzi wadogo weusi wa maji yaendayo kasi. Ndiyo onkoserkosi, au usubi. Dawa yake, ivermektini, yatolewa bure tangu 1987.

Yaliyosalia ni ya darasani zaidi. Mtoto anayekunja uso akitazama ubao si mvivu wala si mkaidi: ana miopia, na Wagiriki walilitunga neno hilo kwa kufumba macho, maana ndivyo afanyavyo. Miwani yamtosha. Mzee anayelisogeza gazeti mbali mpaka mkono wakwisha ana presbitia, kutoka neno presbis, mzee. Ni shina lile lile la neno la Kifaransa prêtre, yaani padri. Nao waalimu wajue kuwa 10/10 ya mganga wa macho si alama ya mtihani.

Makengeza yasichukuliwe kwa mzaha. Mithali husema ukipenda, chongo huita kengeza, lakini kwa mtoto mapenzi ya namna hiyo yamgharimu: jicho lisiloelekea sawa huachwa na ubongo, likawa butu, na baada ya miaka saba au minane ni shida kuliamsha. Ubutu huo huitwa ambliopia.

Mwisho ni daltonismi, kutopambanua rangi, hasa nyekundu na kijani. Mwingereza John Dalton aliyeieleza mwaka 1794 alikuwa nayo mwenyewe, akadhani maji ya jicho lake ni ya buluu. Akaagiza apasuliwe macho akifa. Alipofariki mwaka 1844 wakayakuta maji meupe safi. Kipande cha jicho kikatunzwa, na mwaka 1995 wataalamu wakagundua katika chembe zake kwamba alikosa kipokezi kimoja cha rangi. Wanaume huupata kuliko wanawake, tena huzaliwa nao. Katika mji wetu, ambapo kijana huajiriwa kutenga jiwe la kijani la shaba na udongo mwekundu, au kutazama taa za reli, heri ajulikane kabla hajapewa kazi.